Mama anakataa dawa ya maumivu anasema "namtolea Bwana". Kumtolea Mungu mateso ni kufanya nini hasa?

BintiWaKibosho:

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Nimekaa na hii kitu moyoni muda mrefu nikaona bora niiweke hapa, maana kwa paroko naona aibu na kwenye jumuiya nikisema nitaonekana imani imepungua.

Mama yangu anaumwa saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa, akaenda Dar pale Ocean Road akapigwa mionzi, akarudi na nafuu kabisa mpaka tukafanya Misa ya shukrani hapa nyumbani, alafu ikarudi na sasa imeshasambaa. Madaktari wametuambia kwa upole kwamba kilichobaki ni kumtunza nyumbani asiteseke. Kapewa mofini ya maji, ile ya chupa, anywe kila baada ya masaa manne. Mimi nilikuwa Arusha nashona, nilikuwa na kafremu kangu karibu na soko la Kilombero, nimefunga, vyerehani nimeviacha kwa rafiki nikarudi Kibosho kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nina kaka wawili. Mkubwa yuko Dar, anatuma hela, hilo sikatai, ila hajaja tangu Krismasi. Mdogo ndio mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, yupo hapa hapa nyumba ya pili, anakunywa pombe asubuhi mpaka usiku, anapita mbele ya dirisha la mama na hasalimii.

Sasa shida yenyewe ni hii. Dozi ya asubuhi mama anakunywa, ya usiku anakunywa, ila ya saa sita mchana anageukia ukutani anasema "iache mwanangu, hii namtolea Bwana kwa ajili ya kaka yako". Kuanzia hapo mpaka jioni anaumia na mimi ndio niko pale chumbani, mimi ndio namshika mkono na kumgeuza na kumsikia anavyouma shuka ili asipige kelele majirani wasijue. Ikizidi natoka naenda kwenye migomba nalia alafu nanawa uso narudi.

Mama mmoja wa jumuiya alipokuja kutuona akasema mateso ni zawadi, Mungu humpa yule anayempenda, wote wakaitikia amina. Jirani yetu mwingine anayesali makanisa ya uamsho akanivuta pembeni akaniambia hizi ni madhabahu za ukoo, babu zetu walifanya mambo, twende kwa mtumishi tukafunguliwe. Mimi hapo katikati sijui nishike lipi.

Nimebatizwa, nina kipaimara, sala ya Nia Njema naisali kila asubuhi tangu mtoto. Lakini naombeni mtu anieleze kama mtu mzima: Mungu anafanya nini na maumivu ya mama? Anayahitaji? Kama anaweza kumbadilisha kaka si ambadilishe tu bila mama kuumia? Na mimi haya maisha niliyoyaacha yana maana yoyote mbele yake au yamepotea tu? Tafadhali msiniambie nivumilie, kuvumilia navumilia tayari.


Mwalimu wa Kigango:

Milele amina mwanangu, pole sana, na pole kwa mama. Mimi ni katekista huku Uru, nimefundisha mafundisho mpaka watoto niliowafundisha wameleta watoto wao, na swali lako silisikii sana darasani, nalisikia nikipeleka Komunyo kwa wagonjwa nyumbani.

Nianze na lililo rahisi. Hiyo habari ya madhabahu za ukoo achana nayo. Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akawajibu si yeye wala wazazi wake. Luka 13 tena wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akasema msidhani walikuwa wakosefu kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Amekwisha sema. Ugonjwa wa mama yako sio hukumu ya babu yako, na usimpeleke mgonjwa wa namna hiyo kwa mtu yeyote wa kumpigia kelele kitandani.

La pili, hilo la kwamba mateso ni zawadi, yule mama alikuwa na nia nzuri lakini kalisema vibaya. Maumivu yenyewe ni mabaya. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba Mungu anafurahia mtu akiumia. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke, aliomba kwa jasho kama matone ya damu, sasa kama mateso yangekuwa kitu kizuri angeombaje kiondolewe? Kilichompendeza Baba msalabani sio misumari, misumari ilikuwa ya askari wa Kirumi. Kilichompendeza ni upendo wa Mwanae ambao haukurudi nyuma hata misumari ilipoingia. Shika hapo kwanza maana wengi wanateleza hapo hapo, wanadhani Mungu ana mizani anapima nani kaumia zaidi.

Sasa mama yako anafanya nini? Mtume Paulo kwa Wakolosai 1:24 anasema anatimiliza katika mwili wake yale yaliyopungua ya mateso ya Kristu kwa ajili ya mwili wake, yaani Kanisa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima kuhusu mstari huu, inaitwa Salvifici Doloris, aliitoa tarehe 11 Februari 1984, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, na tarehe hiyo hiyo ndio baadaye tukapewa Siku ya Wagonjwa Duniani kuanzia mwaka 1993. Na huyu sio mtu aliyeandikia mateso kwenye kiti cha starehe, alipigwa risasi mwaka 1981 pale uwanja wa Mtakatifu Petro. Sisi wa hapa tunamkumbuka, mwaka 1990 alipokuja Tanzania alifika mpaka Moshi. Anachosema ni kwamba ukombozi wa Kristu umekamilika, haukosi kitu, lakini Kristu ameuacha wazi ili upendo wa mtu anayeteseka uingie ndani yake. Kwa ubatizo wewe ni kiungo chake, kwa hiyo ukiumia huku unapenda, upendo ule haubaki kitandani kwako peke yako, unakwenda mahali, unamfikia mwingine.

Unauliza mbona Mungu asimbadilishe kaka yako bila mama. Anaweza. Lakini wewe ni mtoto wa mlimani, unaijua mifongo, ile mifereji ya maji ya wazee wetu. Maji ni ya mlima, hakuna ukoo uliowahi kutengeneza maji, ila wazee walichimba mfereji kwa jembe na jasho na maji yakafika kwenye kihamba cha mtu ambaye hakushika jembe. Neema yote ni ya Mungu. Mama yako anachimba mfereji kuelekea nyumba ya pili.

Na kwa upande wako, unaposali Nia Njema unasema "wazo, neno, tendo lote, namtolea Mungu pote". Ndiyo yenyewe hiyo, hakuna sala nyingine ya siri. Kutolea ni kukusudia, hata kama moyo umekauka na machozi yanatoka. Ukiweza kwenda Misa, padre anapowaalika msali ili sadaka yake na yenu ipokelewe, hapo kwenye "yenu" weka shuka za mama, weka vyerehani, weka na hasira pia, usichague vile vizuri tu.


Nesi_Sakina:

Dada pole sana. Mwalimu kaeleza vizuri mimi naomba niongelee ile chupa.

Mi ni nesi hapa Arusha, nimefanya kazi na wagonjwa wa saratani wa majumbani, na hili la kukataa dawa kwa sababu ya dini nakutana nalo sana kwa wamama wa Kikatoliki, wazuri sana wale wamama, tena wengi wanatumia ule mstari wa Marko 15 kwamba Yesu alipewa divai yenye manemane akakataa. Sawa alikataa. Ila huyo huyo Yesu miaka yote ya utume wake hakumwambia mgonjwa hata mmoja kaa na maumivu yako yatakufaa, aliwaponya, alimgusa mkoma, mama mkwe wa Petro alimshika mkono homa ikamtoka.

Na Kanisa limeshasema wazi. Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari mwaka 1957 akajibu kwamba kutuliza maumivu kwa dawa kali ni halali, hata kama dawa inaweza kupunguza siku za mgonjwa mradi nia sio kumuua. Katekisimu namba 2279 inarudia hivyo hivyo na inaita matunzo ya namna hii ni aina ya pekee ya upendo. Kuna na tamko la Roma la mwaka 1980 ambalo linasema, na hili ndilo linamhusu mama kabisa, kwamba Mkristo akiamua kwa hiari yake kupunguza dawa ili aungane na Kristu sio jambo la kushangaza, lakini haifai kumlazimisha mtu yeyote kama sheria. Kwa hiyo mama hafanyi dhambi akikataa, na hafanyi dhambi akinywa, na sadaka yake haipungui akinywa. Amwambie Bwana hivyo hivyo, nakutolea ugonjwa wangu wote na hii dawa nainywa ili niweze kusali. Maana mimi nimeona kwa macho yangu, mtu mwenye maumivu makali hasali, hata Salamu Maria moja haifiki mwisho, anabaki yeye na maumivu tu. Ukimtuliza ndio unasikia anaomba rosari yake, anauliza habari za wajukuu, anataka kuonana na mtu aliyekosana naye. Huyo kaka akija siku moja mlangoni itapendeza amkute mama anaweza kumwangalia na kuongea.

Mambo ya kawaida sasa. Mofini inafanya kazi vizuri ikinywewa kwa saa zake bila kusubiri maumivu yaanze, ukiruka dozi ya mchana jioni unaanza kuyakimbiza na yameshakutangulia, ndio maana mnapata shida mpaka usiku. Siku za mwanzo inalewesha kidogo alafu mwili unazoea. Hatageuka teja, ikitumika kwa maumivu na kwa maelekezo sio hivyo. Ila inafunga choo, karibu kila mtu, sasa muulize aliyekuandikia kama amekupa na dawa ya kulainisha choo maana mara nyingi mgonjwa anakataa mofini kumbe tumbo ndilo linamsumbua na anaona aibu kusema kwa mtoto wake. Muulize kwa upole mkiwa wawili tu. Na mgeuze kila masaa mawili hivi, vidonda vya mgongo vikianza ni mateso mengine ambayo hayana ulazima kabisa.


Mwana Ngarenaro:

Dada yangu nimesoma na nimesimama hapo uliposema wote wakaitikia amina.

Mimi mke wangu alifariki akijifungua. Sitaeleza sana. Pale msibani walikuja watu wakasema Mungu kampenda zaidi, wakasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na waliosema walikuwa watu wema wamekuja na unga na mchele na wamechota maji, siwalaumu. Ila yale maneno yalikuwa yananiingia kama kisu na nilikaa nje ya kanisa muda mrefu kwa sababu yake. Baadaye padre mmoja mzee, hakunihubiria, aliniambia tu kasome Ayubu chote, usiishie sura ya kwanza. Basi mimi nikasoma. Aisee. Watu wote wanakijua kile cha sura ya kwanza, Bwana alitoa Bwana ametwaa. Sura ya tatu Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Alafu anaendelea hivyo sura na sura, anamshtaki Mungu, anataka kesi isikilizwe. Na wale rafiki zake jambo jema walilofanya ni lile la mwanzo, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Walipofungua midomo wakaanza kumweleza sababu, na mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Yaani yule aliyelalamika ndiye aliyenena sawa!

Sasa nakubaliana na Mwalimu, nakubaliana na nesi, lakini naomba tusiende haraka. Hapa Arusha tarehe 5 Mei 2013 kule Olasiti watu walikwenda Misa, parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inazinduliwa, balozi wa Papa yupo, likarushwa bomu, watu 3 wakafa na wengi wakaumia. Nani atakayesimama mbele ya familia zile na kusema maana yake ilikuwa hii na hii? Mimi nadhani maana haitolewi na mtu wa nje. Mama yako kaipata ya kwake, amemwona mwanae anapotea na kaamua maumivu yake yaende huko, hiyo ni yake na ni takatifu. Wewe usilazimike kuwa na ya kwako wiki hii. Zaburi ya 22 Yesu aliianza msalabani, Mungu wangu mbona umeniacha, ile ni sala dada. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia na Kanisa linaisali. Ukiwa kwenye migomba unalia hapo unasali tayari, usinawe uso haraka.

Na mtakatifu wa kanisa kuu letu hapa Arusha, Theresia wa Mtoto Yesu, tunamchora na maua tu, lakini alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24 na miezi yake ya mwisho alipita giza la imani, akawa kama anasikia sauti inamwambia mbinguni hakuna kitu. Leo ni Mwalimu wa Kanisa. Kwa hiyo kama imani yako inatetemeka chumba kile hujatoka nje ya Kanisa.


MluteriWaMoshi:

Bwana Yesu asifiwe. Naomba niulize bila ubishi maana mimi ni wa KKKT na mke wangu ni Mkatoliki, haya mambo yapo sebuleni kwangu. Yesu alisema "Imekwisha". Sasa tukisema mama anaongezea mateso yake kwa ajili ya mwanae si tunasema ya Yesu hayakutosha? Mimi nafundishwa kuwa msalaba ndio mahali Mungu anajificha ndani ya udhaifu, hapo tuko pamoja kabisa, ila hilo la kutolea kwa ajili ya mtu mwingine linanishinda. Na dada pole sana, tunakuombea mama nyumbani kwetu leo jioni.


Mwalimu wa Kigango:

Asante ndugu kwa kuuliza vizuri. Imekwisha kweli kweli, thamani yake haina upungufu. Katekisimu namba 618 inaanza na hilo, sadaka ya Kristu ni moja tu na mshenga ni mmoja tu kati ya Mungu na watu. Ila inaendelea kusema kwamba anatupa nafasi ya kushirikishwa. Wewe leo jioni utamwombea mama wa huyu binti. Je sala yako inaongeza kitu ambacho Yesu hakuwa nacho? Hapana, na bado unaomba, na unaamini inafaa, kwa sababu yeye mwenyewe ametaka watoto wake wafaane. Mama anamwombea mwanae kwa mwili kama wewe unavyomwombea mama kwa maneno.

Nimsikilize na Mwana Ngarenaro, mwanangu umesema kweli na pole kwa mkeo, apumzike kwa amani. Papa kwenye barua ile ile hakuanza kwa kueleza, alisema mateso yanadai heshima na hata kuogopwa kwanza. Na alimalizia na Msamaria Mwema. Anasema Kristu alitufundisha mambo mawili kwa pamoja, kutenda mema kwa mateso yetu na kumtendea mema anayeteseka. Binti, pale chumbani kwenu mnazo zote mbili. Mama anafanya ya kwanza na wewe unafanya ya pili, na ya kwako sio ndogo. Uliuliza kama maisha yako yamepotea, basi yule Msamaria naye alikuwa na safari yake, alikuwa na shughuli zake huko alikokuwa anakwenda, alishuka kwenye mnyama wake na hatuambiwi alipoteza nini.


MamaWaJumuiya:

Binti yangu mimi ni WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, hapa Moshi mjini, nakwambia kama mama. Yote waliyosema ni mazuri lakini hakuna aliyekwambia kuhusu kaka zako na mimi nitasema.

Kwetu tunajua mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, na anabaki navyo kwa sababu ndiye wa kuwatunza. Sasa kihamba kachukua yeye na mama umemchukua wewe. Wewe kujitoa kwa mama ni sadaka nzuri mbele za Mungu, ila wao kukutoa wewe sio sadaka, hapo wamekwepa. Usichanganye hayo mawili ukadhani kudai msaada ni kupunguza thawabu. Yesu mwenyewe hakubeba msalaba peke yake mpaka mwisho, kituo cha tano Simoni Mkirene anamsaidia, na Marko anasema walimshurutisha, yaani hakutaka! Alikuwa anapita njia anatoka shamba. Sasa na wewe shurutisha watu. Kaka wa Dar mpigie mwambie hela asante ila nataka wiki moja uje ulale kwenye kile chumba, panda basi. Hata kama atalala siku tatu. Akisikia mama yake anavyouma shuka hutahitaji kumweleza kitu kingine chochote.

Na jumuiya yenu, wakija tena kusali usikubali waondoke hivi hivi. Mwambie mwenyekiti, jumatano mama fulani anakuja saa sita mpaka saa kumi, ijumaa mwingine, mimi naenda kulala au naenda sokoni au naenda kanisani kukaa tu. Sisi tulifanya hivyo kwa mwenzetu mwenye kiharusi, tukapanga zamu kwenye daftari kama tunavyopanga zamu ya kusafisha kanisa, na walioshika zamu ndio waliojua kumbe alikuwa hana hata sabuni. Kusema mateso ni zawadi kunakuwa rahisi ukiwa unaondoka saa kumi na moja na mtori wako umeshanywa.

Yule wa pombe mwache mama amshughulikie na Bwana wake. Ila mwambie. Siku hajalewa, asubuhi mapema, mwambie mama anakataa dawa kwa ajili yako. Bila kumgombeza. Ana haki ya kujua.


BintiWaKibosho:

Jamani. Nimewasoma wote mara mbili, jana usiku na leo alfajiri, sina la kusema zaidi ya asanteni, na kaka wa Ngarenaro pole sana, Bwana ampe mkeo pumziko la milele.

Nesi ni kweli, ni tumbo. Nilimuuliza tukiwa wawili kama ulivyosema, akaanza kulia, kumbe alikuwa anaona haya. Leo nimeenda nimepata dawa ya kulainisha. Ile ya dozi ya mchana nilimsomea ulichoandika, na ile ya Papa Pius, akanyamaza sana alafu akasema hakujua kwamba inaruhusiwa kunywa na kutolea pia, yeye alifundishwa zamani na masista kwamba ukiondoa maumivu umeondoa sadaka. Leo mchana amekunywa nusu. Kasema nusu ni ya kaka. Sikumbishia, naona ni yake kama mlivyosema, tutaenda naye taratibu.

Kaka wa Dar nimempigia, alianza na habari za kazini, nikamwambia tu nataka uje ulale chumbani kwa mama. Kasema anakuja mwisho wa mwezi. Mdogo bado sijamwambia, nangoja asubuhi nzuri.

Mimi bado nina hasira na sijui kama nimeelewa kila kitu lakini ile ya kuweka na hasira kwenye "yenu" niliijaribu Jumapili, nilibaki nimepiga magoti kidogo zaidi ya wengine. Sasa paroko anakuja Alhamisi kumpa mama Mpako na Komunyo, nimejikaza nikamwambia yote na hakunishangaa. Mama ana wasiwasi, mambo matatu. Kwanza ana hofu mpako maana yake ndio anakufa. Pili anataka kufunga tangu usiku kama zamani na mimi naogopa kumpa mofini bila kitu tumboni. Tatu sijui niandae nini mezani. Mwalimu nisaidie.


Mwalimu wa Kigango:

Afadhali sana mwanangu.

Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya wagonjwa, sio ya wanaokata roho peke yao, ndivyo Yakobo 5:14 inavyosema, mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anaweza kupewa tena hali ikibadilika. Atapakwa kwenye paji la uso na viganja vya mikono, mafuta ni yale aliyobariki Askofu kwenye Misa ya Krisma. Mweleze hivyo kabla, asishtuke. Kama anataka kuungama padre atawaomba mtoke nje kwanza, kwa hiyo mkae tayari.

Mezani weka kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji safi kwenye glasi ya kumsaidia kumeza Komunyo, na pamba kidogo na kitaulo cha padre kufuta vidole. Waite na jumuiya, hata wachache.

Kufunga asifunge. Ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa, wala haimhusu anayemuuguza. Ampe tumbo lake uji, anywe na dawa yake kwa saa yake. Na wewe pia kunywa chai alafu upokee.